Jogoo Niliyemteka Armenia

Wenzangu wa kikundi cha Edmonton, nimesikia. Picha mmeiona wote. Ani, mke wa mwanangu Baraka, aliiweka kwenye status kabla sijarudi, na nilipowasha simu Heathrow nikakuta mmeshanijadili mpaka mmechoka. Ndiyo, yule ni mimi. Ndiyo, nyuma yangu ni ukuta wa kanisa la mawe lenye zaidi ya miaka elfu moja, na nilichokumbatia ni jogoo. Mama Shose ameuliza kama nimeanza kufuga. Dada Rehema, ambaye siku zote huenda moja kwa moja kwenye sufuria, ameuliza nyama yake ilikuwa na ladha gani. Kujibu vipande vipande nimechoka. Nimekaa chini niandike yote, na atakayeniuliza tena baada ya ibada nitamwambia akasome.

Mambo ya viza na tiketi nayaruka. Hayana utamu, na Baraka ndiye aliyehangaika nayo.

Edmonton hadi Harrow

Safari hii ilianzia kwenye kikombe.

Mnajua mjukuu wangu Daudi alizaliwa njiti. Upande wa mama yake wanamwita Davit, lakini mtoto ni yule yule. Alikaa kwenye inkubeta akiwa mdogo kama mkate uliokataa kuumuka, nasi tukisimama nje ya kioo tukiogopa hata kupumua. Leo ana mashavu, ana meno mawili, na anauma. Mungu ni mwema.

Baraka na Ani wanapanga Kilburn, kwenye fleti ambayo ukifungua oveni huwezi kufungua friji. Wote wanafanya kazi, hata wikiendi, kwa hiyo mchana mtoto hushinda Harrow kwa Hasmik, mama yake Ani, ambaye amestaafu. Mimi bado nalea wazee, na zamu zangu hazijui Jumapili wala sikukuu. Nikipata nafasi napanda treni hapa Edmonton Green hadi Liverpool Street, kisha Metropolitan line hadi Harrow. Wikiendi ambazo reli inatengenezwa napanda basi la kufidia, lile linalozunguka mitaa kama linatafuta mchumba.

Nikifika, Hasmik hunipokea koti. Hunikalisha kwenye kochi la sebuleni. Huniletea kahawa kwenye kikombe chenye ukingo wa dhahabu, juu ya sinia, pamoja na jozi na aprikoti kavu. Kisha mtoto huletwa, ameshaogeshwa, amepakwa mafuta, amebadilishwa nepi, nami humpakata kama mgeni rasmi anayekabidhiwa zawadi. Baada ya muda huchukuliwa, eti asinichoshe. Siku moja nilinyanyuka nikaoshe kikombe changu. Hasmik alininyang'anya sponji mkononi.

"Kaa, kaa," akasema. "Wewe mgeni."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka mzima nimekwenda Harrow na jembe sijaliona. Nimeogesha wazee wa watu mpaka vidole vimekunjamana, lakini mjukuu wangu wa damu sikuwahi kumwogesha hata mguu. Nilimlalamikia Baraka. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: "Mum, she's just being polite." Heshima hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniua. Niliogopa Daudi atakua akinijua kama yule mama wa Jumapili anayekunywa kahawa.

Basi Hasmik aliposema anakwenda kwao Armenia, kwenye kanisa la kijijini walikozaliwa watu wake, kutoa shukrani kwa ajili ya mtoto, na akaniambia, "Twende," niliitika kabla sijaweka kikombe chini. Sikuuliza ni shukrani ya namna gani. Nilifikiri labda akinifikisha kwa ndugu zake nitarudi mtu wa nyumbani. Au labda anahitaji wa kumbebea masanduku. Kwa yote mawili nilikuwa tayari.

Harrow hadi Vienna

Mtoto tulimwacha na wazazi wake, waliochukua likizo. Hasmik alikuwa na sanduku moja la nguo na mawili ya zawadi. Mimi nilikuwa na begi na kikapu, maana chakula cha angani sijawahi kukiamini. Ndege ilichelewa bila maelezo ya kueleweka, tukakaa pale tunapokaa watu tusio na la kufanya, na kila mmoja akafungua chakula chake.

Wote wawili tulikuwa tumechemsha mayai. Nikampa langu, akanipa lake. Nikampa andazi. Akanisukumia jibini iliyoviringishwa ndani ya mkate mwembamba kama kitambaa. Nikampa andazi la pili. Akanipa jozi, kisha aprikoti, kisha kipande cha keki alichokuwa amekificha kwa ajili ya shambulio la mwisho. Ule haukuwa ukarimu tena. Ilikuwa vita, na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kuwa mgeni wa mwenzake.

Ndani ya ndege yeye alikuwa dirishani, mimi upande wa njia, na katikati yetu bwana mmoja mnene, mpole, aliyekuwa anakwenda kumwona dada yake Vienna. Alijitolea kuhama ili tukae pamoja. Lakini ili tukae pamoja mmoja wetu alipaswa kukaa katikati, na hilo hakuna aliyelikubali. Akabaki hapo. Kulia kwake kukatoka jibini, kushoto andazi. Akala vyote, maskini, kwa adabu. Baadaye akafumba macho kwa makusudi. Hasmik akamwekea yai mezani. Nami sikukubali kushindwa, nikaweka kitumbua kando ya yai.

Aliposhuka alitushukuru kwa sauti ya mtu aliyenusurika.

Yerevan hadi kwenye mawe

Vienna tulibadili ndege, na Yerevan tulitua na kukuta Gagik, mdogo wake Hasmik, anatusubiri na gari lake la zamani. Ni mtu wa mvi na mikono mikubwa, analima matunda. Kiingereza hajui. Kwa kuwa hatukuwa na lugha moja, aliongea Kiarmenia kwa sauti kubwa ili nielewe, nami nikamjibu Kiswahili kwa sauti kubwa zaidi. Tulipendana palepale.

Mji wenyewe umejengwa kwa jiwe la rangi ya waridi iliyopauka, hata majengo ya ofisi, kiasi kwamba asubuhi unaona mji mzima kama umeamka na aibu. Tukaelekea kaskazini. Kwenye kibanda kimoja cha barabarani Gagik alininunulia glasi ya kitu cheupe, baridi. Nikaonja. Mtindi! Wenzangu, machozi yalinilenga, nikawakumbuka ng'ombe wa mama yangu kule Machame. Ila ulikuwa na chumvi, nikadhani muuzaji amekosea, nikaomba sukari. Hasmik alitafsiri kwa uso wa mtu anayepeleka habari za msiba. Muuzaji alimwita mkewe atoke aje kuniangalia nikikoroga.

Kisha tukafika mahali mawe yalipokuwa yameporomoka kutoka mlimani yakafunga barabara. Malori yalikuwa yamejipanga na tingatinga lilikuwa linasubiriwa, likiwa njiani kwa mwendo wake. Nilianza kunung'unika. Wale madereva wala. Mmoja alitandika kitambaa kwenye boneti ya gari la Gagik, mwingine akaleta nyanya, mwingine majani mabichi ya kila aina na jibini, na chupa ya pombe kali ya tunda fulani ikatokea nisijue imetoka wapi. Mimi walinimiminia maji ya aprikoti.

Gagik akainua glasi, akazungumza kwa kirefu, wote wamesimama, kimya, wameinamisha macho. Wakanywa kidogo. Mwingine akazungumza, sauti ikamkatika alipokaribia mwisho. Wakanywa. Halafu wote wakanigeukia.

"Zamu yako," akasema Hasmik.

Watu wamesimama, wameinamisha macho, mmoja karibu analia: mimi ningejuaje kwamba ni salamu za kutakiana heri kabla ya kunywa? Kwetu hiyo ni sala. Nikafumba macho nikaomba. Mnanijua, sala yangu haina breki. Niliwaombea madereva na familia zao, nikaombea barabara, nikaombea tingatinga, wajane, yatima, wagonjwa wa wodi zote za London Kaskazini, na mavuno ya Gagik. Nilipofumbua macho, wanaume wote walikuwa bado wameshika glasi juu, mikono inatetemeka, hakuna aliyethubutu kunywa kabla sijamaliza.

"Amina," nikasema.

"Amen!" wakapaza sauti kwa pamoja, wakanywa kama watu waliotoka jangwani.

Gagik alinipa mkono kwa heshima kubwa. Hasmik alicheka mpaka akashika kioo cha pembeni cha gari asianguke. Mwaka mzima nilikuwa sijawahi kumwona akicheka. Nilifurahi, ingawa kilichomchekesha ni mimi.

Juu ya korongo

Mimi nimezoea kanisa kuwa jengo moja: kuta, bati, kengele nje. Lile la kwao ni kama ukoo. Kuna kanisa kubwa, na mgongoni mwake limeegemea dogo, na ubavuni kibanda cha sala, na chumba cha vitabu, na mnara wa kengele uliojitenga kidogo kama shemeji mwenye kisirani, na vyote vimezungushiwa ukuta juu ya korongo refu ambalo sikulichungulia mara mbili. Jiwe lao huko si la waridi, ni la kijivu kilichokolea, la volkano, lina ukungu wa kijani. Ukuta hauna plasta wala rangi. Kuba kwa nje lina ncha kama pia iliyogeuzwa juu chini. Upande mmoja kilima kimeshuka polepole miaka yote hiyo mpaka kimefika karibu na madirisha, ukadhani kanisa limejifunika shuka.

Hasmik alibadilika tulipopita lango. Yule mwanamke wa sinia na sponji akawa msichana wa pale. Aliupiga piga ukuta nisikie ulivyo mzito. Akaniambia ukuta una tabaka: jiwe lililochongwa nje, jiwe lililochongwa ndani, na katikati wamemwaga kokoto na chokaa mpaka vikashikana. Ardhi ya huko hutetemeka, akasema, na kanisa limetikiswa mara nyingi, limeanguka hapa, limezibwa pale, likabaki. Akanionyesha kiraka ambacho jiwe lake lina rangi tofauti. Nikaona wazi kwamba anakipenda kile kiraka kuliko ukuta wote.

Mbele ya kanisa kubwa kuna ukumbi wanaouita gavit, ulioongezwa baadaye, ambapo watu walikuwa wakikutana, wakihukumiana na kuzikana. Paa lake limebebwa na matao yanayopishana, na pale yanapokutana pana tundu wazi ambalo mwanga huingia umesimama wima. Wajenzi waliiga nyumba za wakulima wa huko, zenye tundu la moshi katikati ya paa. Nilisimama chini ya tundu lile nikamkumbuka bibi yangu na jiko lake la mafiga, lililokuwa na moshi mwingi na tundu dogo zaidi.

Halafu nikatazama chini. Sakafu yote ni makaburi. Ndiyo, mnaelewa vizuri: mawe marefu ya makaburi, yamelazwa moja kando ya jingine kutoka mlangoni mpaka ndani, yamechongwa maandishi na watu wanatembea juu yake. Hasmik alikuwa anapita katikati kwa viatu vyake vya Harrow, ko, ko, ko.

Mimi, mtoto wa mchungaji msaidizi, nikanyage kaburi la mkubwa wa watu? Nikaanza kuruka. Kati ya jiwe na jiwe kuna ufa wa upana wa vidole, nami nikaufuata kwa ncha za viatu, mikono nimetanua, mkoba unanipiga ubavuni.

"Wenyewe waliomba wakanyagwe," Hasmik alisema, amesimama akinisubiri. "Walikuwa wakubwa. Walitaka wawe chini ya miguu ya watu."

"Waliwaomba nyinyi," nikasema. "Mimi hawakuniomba."

Akaendelea kunieleza mambo nikiwa naruka. Chumba cha vitabu, alisema, kina mitungi mikubwa iliyozikwa sakafuni mpaka shingoni. Maadui walipokuwa wakija watawa walikimbiza vitabu kwenye mapango ya korongo, na baadaye chumba kikawa ghala. Nilichungulia mtungi mmoja, nusura miwani yangu iwe sehemu ya historia. Alisema alipokuwa mdogo serikali ya wakati ule ilikuwa imefunga makanisa, watoto wakicheza humo kibe. Hapo ndipo alipoanza kuniambia jambo kuhusu nyanya yake, na nadhiri, na chumvi. Mwenzenu nilikuwa kwenye ufa mwembamba sana, nikamwitikia "eh, eh" bila kusikia hata neno. Kila kilichofuata kilitokana na hiyo "eh, eh".

Nje, juu kabisa ya ukuta wa mashariki, wamechongwa ndugu wawili, wana wa mfalme, wamesimama wakitazamana, na katikati yao wameshika kanisa dogo la jiwe. Kila mmoja ameng'ang'ania upande wake, hakuna anayeachia. Nilimkumbuka yule bwana wa kwenye ndege, na mayai yetu.

Kanisani hadi uani kwa Gagik, na kurudi mbio

Hasmik aliniambia nisubiri uani, akaingia ndani kumtafuta padri. Nikakaa kwenye jiwe. Gagik akatokea langoni na jogoo mwekundu, mkubwa, amefungwa uzi mwekundu bawani. Akaniambia maneno mengi kwa sauti kubwa. Akanionyesha kanisa, akazungusha kidole hewani mara tatu, akanikabidhi jogoo, akaenda zake nyuma ya ukuta kuwasha moto.

Sasa nyinyi mniambie ukweli. Umekwenda ugenini kwa mkwe. Kaka wa mkwe anakujia na kuku hai, anakuwekea mikononi. Ungefanya nini? Kwetu hakuna swali hapo. Unapokea kwa mikono miwili, unapiga goti kidogo, unashukuru. Na humwachi kuku mahali pale, maana kumwacha ni kumdharau aliyekupa. Nikapiga goti. Nikapiga na kigelegele, kikazunguka lile korongo kikanirudia, njiwa wakaruka kutoka kwenye mnara. Kile kidole cha mara tatu nilikielewa vizuri kabisa: maana yake, zawadi hii ni ya ukoo wako wote.

Moyo wangu ulijaa. Hatimaye, nikasema, wamenitambua. Nikashuka kilima na jogoo wangu mpaka nyumbani kwa Gagik, tulikofikia, nikamfunga mguu kwenye mti wa matunda kwa mtandio wangu, nikamwekea maji na makombo ya andazi. Nikakaa nikimtazama, nikipanga nitamwachaje kwa mwenyeji anitunzie, maana Heathrow wasingenielewa.

Hasmik alikuja anahema, mikono imekunja pindo la aproni kama ameshika kitu cha thamani. Kilikuwa chumvi.

"Jogoo yuko wapi?"

"Nimemfunga vizuri. Mkwe, asanteni sana. Hamkupaswa kujisumbua."

"Umemfunga?" Akamwona. "Huyu si wako! Huyu ni wa mtoto!"

"Mtoto ana meno mawili," nikamwambia, "jogoo mzima wa nini?"

Akakaa chini palepale kwenye nyasi, na aproni yake, akaniambia upya yale niliyoyaitikia "eh, eh". Daudi alipokuwa kwenye inkubeta, usiku ule madaktari waliposema tujiandae, Hasmik aliweka nadhiri. Mtoto akiishi, atapeleka jogoo kwenye kanisa la nyanya yake, atamzungusha kanisa mara tatu, atachinjwa, atachemshwa kwa chumvi iliyobarikiwa, na nyama itagawiwa watu. Wanaita matagh. Padri alikuwa juu anasubiri, moto unawaka, maji yanachemka, na mimi nilikuwa nimemteka jogoo wa uhai wa mjukuu wangu nikamfunga kwa mtandio.

Sikungoja amalize. Nilimkwapua jogoo nikapanda kile kilima mbio, Hasmik nyuma yangu amekumbatia chumvi. Karibu na mlango yule ndege akaona mwanya, akanipiga bawa la uso, akaponyoka, akaingia ndani ya gavit.

Nikaingia naye. Sikukumbuka ufa wala ncha za viatu. Niliwakanyaga wakubwa wote wa nchi ile, kuanzia mlangoni mpaka ndani, nikaenda na kurudi, nikamkanyaga mmoja mara mbili, nikiwa nasema "samahani mzee, samahani mzee," kwa Kiswahili. Nilimkamata kwenye kona, chini ya msalaba wa jiwe uliochongwa kama unaota majani. Hapo ndipo Gagik, aliyekimbilia kelele, alipopiga ile picha akamtumia Ani.

Tulizunguka kanisa mara tatu, Hasmik na mimi. Yeye alishika upande mmoja wa jogoo na mimi mwingine, kwa sababu hakuniamini tena kumshika peke yangu.

Nyumba tatu

Jogoo alichemshwa kwa ile chumvi tu. Hakuna kitunguu, hakuna tangawizi, hakuna kitu. Lakini nilikuwa sijala tangu asubuhi, na harufu ile ilinifanya nitembee kuzunguka sufuria kama mbwa wa hoteli.

Nianze kwa kuwakumbusha kwamba mimi ni Mchaga. Kwetu nyama haigawiwi ovyo. Kidari kina mwenyewe, mguu una mwenyewe, hata kichwa kina wa kukidai, na kuna ndugu wasiosalimiana hadi leo kwa sababu ya ubavu mmoja. Nikawa napiga hesabu kimya kimya. Bibi mzaa baba ni mimi. Mtoto ni wa ukoo wa baba. Paja, nikaona, halina mjadala.

Hasmik akaopoa nyama. Fungu la kwanza likaenda kwa mjane wa nyumba ya jirani. La pili likaenda kwa bwana aliyevunjika mguu, nyumba ya chini. La tatu akaliweka kwenye bakuli, paja likiwa juu, linatoa mvuke, akampa Gagik apeleke kwa mtu anayelinda kanisa. Akafunika sufuria. Ilikuwa tupu.

Hata bawa. Hata shingo.

Niliumia, sitawaficha. Nilikwenda nikakaa ukutani nikawapa mgongo. Mgeni angepewa chochote, niliwaza. Hata mpita njia angepewa mchuzi. Kumbe mimi sijafika hata kwenye ugeni. Nimevuka nchi zote hizi nije nioneshwe kwamba Daudi ni wao.

Hasmik alikuja na mkate na jibini ndani ya kitambaa, akakaa kando yangu. Kiingereza chetu wote wawili ni cha kuazima, kwa hiyo hatukuwa na maneno ya kuzungukia.

"Umekasirika."

"Kwetu nyama ina wenyewe," nikasema.

"Kwetu pia." Akamega mkate. "Mwenye nadhiri hali. Ukila, ni kama umempa Mungu kitu halafu umemnyang'anya. Mimi sijala. Gagik hajala. Watu wa mtoto hawali. Wanakula nyumba nyingine."

Nikageuka nikamtazama.

"Gagik bado yuko langoni," akaendelea. "Anatembea polepole. Nikimwita atarudi, nikupe paja. Mgeni hula. Unataka nimwite?"

Nilimwona Gagik kule langoni na bakuli lake, mvuke unapanda. Wenzangu, nilikuwa na njaa ya kweli. Tumbo lilinguruma, Hasmik akalisikia.

"Mwache aende," nikasema.

Tukala mkate na jibini. Ulikuwa mkavu, tukapokezana chupa moja ya maji.

Harrow tena

Njia ya kurudi haina habari, ila kwamba safari hii nilikaa katikati, nikalala begani kwa Hasmik mpaka London, naye anasema nilikoroma. Simwamini.

Jumapili iliyofuata reli ilikuwa inatengenezwa, nikapanda lile basi la kutafuta mchumba, nikafika Harrow nimechelewa. Hasmik alifungua mlango na Daudi kwapani, hana nepi, anapiga kelele. Hakunipokea koti.

"Umechelewa," akasema. "Maji yanapoa."

Akanipa mtoto, akarudi kwenye sufuria yake. Nilimwogesha kwenye beseni nikiwa na koti langu mwilini, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, naye akinirushia maji na kuniuma kidole kwa yale meno mawili. Nililia kidogo, lakini kwenye maji hakuna aliyejua. Kahawa nilijipikia mwenyewe, nikanywa kwenye kikombe chenye ufa. Kile cha dhahabu kimo kabatini. Kinawasubiri nyinyi siku mkija.

Na wewe Dada Rehema, uliyeuliza nyama ya yule jogoo ina ladha gani: sijui. Sikupewa hata shingo.